Uniti za LUKU zinaisha haraka? Klampu mita inavyopima

Swali la uniti kuisha haraka hutufikia mara kwa mara kutoka Ngorongo, Utete na Kibiti. Kabla ya kumshuku jirani, mwite fundi mwenye klampu mita, kile chombo cha mkononi chenye taya kama za koleo.

Taya huzungushwa kwenye waya bila kuukata wala kuuchubua. Umeme unaopita huzalisha usumaku kuuzunguka waya, nacho chombo huusoma kama ampia. Waya uwe mmoja tu, wa moto au wa nyutro. Ukibana waya mzima wa friza, umeme unaokwenda na unaorudi huzimana na kioo huandika sifuri. Watu husema klampu ni mbovu, kumbe iko sawa.

Sifuri hiyo ina faida pia. Fundi akibana moto na nyutro za nyumba kwa pamoja, vitu vikiwa vimewashwa, inatakiwa isome sifuri. Isiposoma hivyo, umeme unavuja, pengine kwenye ukuta wenye unyevu au waya uliotafunwa na panya. Klampu ya kawaida haioni uvujaji mdogo sana.

Sasa hesabu, maana ampia si uniti. Zidisha ampia kwa volti: 0.8 mara 230 ni 184. Kwa pasi au jiko la koili, hizo ndizo wati. Kwa friza, pampu au mashine ya kukoboa mpunga, wati halisi huwa pungufu, kwa sababu mota hairudishi umeme kwa mpigo mmoja na volti. Klampu ya kupima wati, yenye nyaya mbili za ziada za kugusa volti, huonyesha jibu kamili. Friza ya wati 130 ikinguruma jumla ya saa 12 kwa siku hula uniti 1.56, karibu 47 kwa mwezi.

Wenye sola huko deltani waulize kwanza: klampu nyingi za bei nafuu hazisomi umeme wa betri.

Huna fundi? Tazama taa nyekundu ya mita. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, miweko 1,000 ni uniti moja. Washa kifaa kimoja, hesabu kwa dakika 6, zidisha kwa 10. Miweko 20 ni wati 200.

Lakiri za TANESCO zisiguswe, hata na fundi wako.