Barua Iliyopita Mikononi mwa Wengi: Mapenzi, Imani na Upweke wa Askari wa Keya nchini Burma, 1943–1945

Utangulizi

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waafrika zaidi ya 300,000 kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na nchi jirani waliandikishwa katika jeshi la Uingereza. Baadhi yao walitumikia katika vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wenyeji waliviita Keya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanywa Ceylon mwaka 1943, na katikati ya mwaka 1944 iliingia Burma kupigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw. Historia ya kijeshi imeeleza kwa kina mwendo wa divisheni hiyo: mvua, matope, malaria, kutekwa kwa Kalewa na kujengwa kwa daraja la mto Chindwin mwezi Desemba 1944. Kilichoelezwa kwa uchache ni yale yaliyokuwa moyoni mwa askari. Hoja ya insha hii ni kwamba mapenzi, imani na upweke wake havikuwa mambo ya faragha tu. Karibu kila neno alilompelekea mkewe lilipita mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo, ushahidi uliobaki unaonyesha upweke ulioruhusiwa kusemwa, wala si upweke wote.

Barua na waliozishika

Askari wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma na kuandika. Aliyetaka kumwandikia mkewe alimwendea mwenzake aliyesoma, akamweleza maneno yake, naye akayaandika. Barua hiyo ilisomwa na mkaguzi wa jeshi kabla ya kusafirishwa. Ilipofika kijijini, mara nyingi mke naye alihitaji mwalimu, karani au mtoto wa shule amsomee, na amwandikie majibu. Hivyo, barua moja ya mapenzi iliweza kujulikana na watu wanne au watano ambao haikuwahusu.

Suala la lugha liliongeza umbali huo. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya kambi, nacho kilieleweka kwa waandishi na wakaguzi wengi kuliko lugha za makabila. Mkamba, Mnyamwezi au Mwacholi aliyeandikiwa barua kwa Kiswahili alilazimika kueleza mapenzi yake kwa lugha aliyojifunzia kwenye gwaride. Aidha, barua za Kiswahili zilikuwa na kanuni zake: salamu ndefu, kuwataja wazee kwa heshima, kisha kusema kwamba mwandishi ni mzima na hofu yake ni juu ya walio nyumbani. Kanuni hiyo ilimfaa mkaguzi kwa kuwa haikutaja vita. Ilimfaa askari pia, kwa kuwa iliificha hofu yake chini ya adabu.

Fedha zilimleta mtu mwingine kati ya mume na mke. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Ili mke azipokee, ilibidi atambuliwe na serikali kuwa ndiye mke. Ndoa iliyofungwa kwa mahari na ushahidi wa wazee ikawa jambo la daftari, na mara nyingine baba au kaka wa askari aligombania fedha hizo na mke. Uvumi wa uzinzi ulipofika kambini, askari alilalamika kwa afisa wake, afisa akaandika wilayani, na chifu akatakiwa kuchunguza. Mke aliyekuwa akilima peke yake alijikuta akihojiwa kwa ajili ya wivu wa mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Katika majalada ya aina hiyo, sauti ya mwanamke husikika kupitia kwa karani.

Kwa upande mwingine, baadhi ya mapenzi hayakuandikwa kabisa. Katika miji ya Ceylon na India askari walikutana na wanawake wa huko. Jambo kama hilo halikuweza kuwekwa katika barua iliyosomwa na afisa, kisha ikasomwa kwa sauti mbele ya mama mkwe.

Imani na hofu ya kufa ugenini

Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, miongoni mwao mamia ya askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kifo cha namna hiyo kilikuwa swali la imani. Kwa Mwislamu, kuosha maiti, kuvisha sanda na kuswalia kulihitaji muda na watu. Kwa Mkristo, kulihitajika kasisi na kaburi. Kwa aliyeshika mila za wazee, kuzikwa mbali na ardhi ya ukoo kulimtenga na mababu zake. Wapo askari wa Keya waliozikwa katika makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Rangoon, mahali ambapo jamaa zao wengi hawakuwa na njia ya kufika.

Hata hivyo, imani haikudhibitiwa kwa urahisi kama barua. Jeshi lilitoa makasisi, lakini halikuweza kuamua askari angehitimisha nini. Mfano ulio wazi hautoki Burma bali Mashariki ya Kati, alikotumikia Bildad Kaggia. Akiwa askari alizuru Yerusalemu, na baada ya vita alijitenga na Kanisa la Anglikana akaanzisha vuguvugu lake la kidini, kabla ya kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Kwake, kuwa mbali na nyumbani kulimpa nafasi ya kuipima dini aliyolelewa nayo.

Hitimisho

Kumbukumbu zilizochapishwa baada ya uhuru hazikupitia kwa mkaguzi wa jeshi, lakini nazo zina mipaka yake. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaieleza safari hiyo zaidi kama chanzo cha kuamka kisiasa. Msomaji wa wakati huo alimtarajia mpigania uhuru, wala hakumuulizia mume mpweke. Kwa hiyo, mtafiti anayetumia barua, majalada ya wilaya au kumbukumbu hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeandika, ni nani aliyesoma na ni nini kisingeweza kusemwa mbele yao. Pale askari anaposema kwamba yeye ni mzima, maneno hayo yasichukuliwe kuwa taarifa ya afya yake. Huenda ndiyo yaliyokuwa maneno pekee ambayo yangefika salama.