Lukasa: Ubao wa Waluba na Ufundi wa Kutunga Visa

Leo Kamina hujulikana kwa njia panda ya reli na kwa kambi kubwa ya jeshi, lakini nchi inayouzunguka mji huu mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni kitovu cha ufalme wa kale wa Waluba, na humo ndimo ulimozaliwa ubao uitwao lukasa. Ni kipande cha mti chembamba katikati, kimejaa shanga, simbi na michoro. Msomaji wake hukishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita shanga kwa shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mtawala na watu wake; mstari wa shanga ni njia. Wasomaji hao, bana balute, yaani watu wa kumbukumbu, walikuwa wa chama cha Mbudye, na walifunzwa kwa ngazi, siri baada ya siri. Jambo kubwa ni hili: ubao ule ule haukusomwa vile vile mara mbili. Ulisomwa kulingana na siku, na mkutano uliopo, na ujuzi wa msomaji.

Nadai kwamba huo ndio ufundi wanaoutafuta leo wanaotunga visa vya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Mchezo ulioifungulia mingine njia, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukikua kutoka michezo ya vita ya vinyago. Wachezaji huketi, kila mmoja akavaa mhusika, mmoja akasimamia dunia, na dadu huamua mashaka. Kosa kubwa la msimamizi mgeni ni kuandika kisa kama riwaya ambayo mwisho wake umeshafungwa, kisha kuwasukuma wenzake waufikie. Lukasa haina sentensi hata moja. Ina watu, mahali, njia na miiko, na kitakachotokea kati yao huzaliwa mbele ya wasikilizaji. Anayetunga kisa na aandae vitu hivyo vinne, kisha anyamaze.

Utamaduni wa Waluba wenyewe unaonyesha jinsi mwiko unavyomjenga mhusika kuliko orodha ya silaha. Katika simulizi la asili ya ufalme, Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili anayefananishwa na upinde wa mvua, anampokea mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Mgeni hali mbele ya watu. Kitendo hicho kimoja kinatosha: tunajua ni mtu wa namna nyingine, na Nkongolo anayekula hadharani anaanza kuonekana mdogo. Mbidi anarudi kwao. Mwanawe aliyemzaa na dada yake Nkongolo, Kalala Ilunga, anakua akawa shujaa, na mjomba anaingiwa na wivu. Nkongolo anachimba shimo lenye mikuki, analifunika kwa mkeka, anamwalika mpwawe acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma anamwonya kwa midundo, na Kalala anaujaribu mkeka kwa mkuki, kisha anakimbia. Tazama hali hii inavyowapa wachezaji kazi: yupo mwenyeji asiyeweza kukataliwa hadharani, ipo hatari iliyofichwa, upo msaidizi mwenye lugha yake. Hakuna jibu moja. Mwingine angeusikiliza mdundo, mwingine angemvuta mjomba mwenyewe uwanjani.

Wapo watakaosema kuwa nalinganisha kilichotakaswa na burudani. Pingamizi hilo ni zito, nami sisemi kuwa lukasa ilikuwa mchezo. Mbudye walishika sheria ya utawala, na walikuwa kizuizi cha nguvu za mfalme. Mfalme alipokufa, roho yake ilimshukia mwanamke aliyeitwa Mwadi, akapewa cheo chake na makao yake. Kuvaa nafsi ya mwingine kwa Waluba ni wajibu mkubwa. Lakini uzito huo ndio unaofanya somo lifae. Mhusika aliyetungwa bila wajibu, bila ukoo na bila mwiko hana la kupoteza, na asiye na la kupoteza hachagui chochote. Wengine watauliza kama Kalala Ilunga aliishi kweli, kwa kuwa wanahistoria wamebishana sana kuhusu simulizi hili. Hoja yangu haitegemei jibu. Inategemea namna simulizi lilivyojengwa na kusomwa, na hilo limeshuhudiwa vizuri, hasa na mtafiti Thomas Reefe, aliyeandika juu ya lukasa mwaka 1977.

Naona hasara moja. Lukasa nyingi ziko mbali na nchi hii. Mojawapo imo katika Brooklyn Museum, New York, kwenye kabati bila kidole cha msomaji juu yake. Kijana wa Kamina anayetaka kutunga kisa chake cha mezani asianze na majoka ya vitabu vya ugenini. Aanze na kipande cha mbao, shanga chache, na mzee anayejua njia zilizopita Haut-Lomami, akamwulize kila njia ilipita wapi na nani aliyekatazwa kuipita.