Yatima wa Gazi: Utoto wa Mbaruk bin Rashid na Suala la Udhuru

Katika masimulizi yanayomhusu Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, kiongozi wa Gazi katika eneo la Msambweni, utoto wake hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko unavyostahimili. Husimuliwa kwa ufupi, kisha ukaachiwa uyaeleze maisha mazima.

Matukio yenyewe yanajulikana. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji wa Mombasa, uliokuwa chini ya Wamazrui kwa karibu karne moja. Rashid bin Salim, babake Mbaruk na mtawala wa mwisho wa ukoo huo mjini, alinaswa kwa hila pamoja na jamaa zake wapatao 25, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, Uajemi. Hawakurudi. Waliosalia wakagawanyika: kundi moja likaelekea kaskazini, Takaungu, jingine likashika njia ya kusini, likatua Gazi, katika nchi ya Wadigo. Huko ndiko alikokulia Mbaruk.

Hapo msimulizi hushawishika. Yatima ambaye babake kafia kifungoni na ukoo wake umevuliwa enzi, nani asiyemtarajia alipe kisasi? Na kweli Mbaruk aliasi mara kadhaa dhidi ya wana wa Seyyid Said waliotawala Unguja. Ngome yake ya Mwele, katika vilima vya Kwale, ilizingirwa na Lloyd Mathews mwaka 1882, kisha ikatekwa na Waingereza Agosti 1895. Aprili 1896 alijisalimisha kwa Wajerumani. Akafariki Dar es Salaam mwaka 1910. Mstari huo, kutoka Bandar Abbas hadi Dar es Salaam, umenyooka mno.

Takaungu inaupinda. Wamazrui wa huko walifiwa na jamaa walewale, ila walipatana na Unguja, wakatajirika kwa kilimo cha nafaka. Msiba ulikuwa mmoja. Siasa zikawa mbili. Isitoshe, Mbaruk mwenyewe hakukataa posho ya Kampuni ya Waingereza ilipomfaa (jambo ambalo wapenzi wa kisa cha kisasi hulipitia mbio).

Yafaa pia kuuliza kumbukumbu hii imehifadhiwa na nani. Utenzi wa Al-Akida, uliochapishwa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950, ulitungwa na Mmazrui, Abdallah bin Masud. Tarikhi ya ukoo iliandikwa na Mmazrui mwingine, Sheikh Al-Amin bin Ali. Hiyo si kasoro ya maandishi hayo, bali ndiyo mipaka yake: ukoo hukumbuka mayatima wake.

Mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa, na miongoni mwa waliomfuata Mbaruk vitani walikuwamo watumwa. Hao nao walitenganishwa na baba zao, wakapelekwa wasikokujua. Utoto wao hakuna aliyeutungia utenzi. Mhakiki anayempa Mbaruk udhuru wa uyatima hana budi kueleza ni vipi uyatima huohuo haukumzuia kumiliki mayatima wa wengine.