Alama ya Maji: Kuisoma Stempu ya Kale bila Dawa ya Gharama

Ukibahatika kupata stempu mbili za senti 1, nyeusi, zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, huenda usione tofauti yoyote kati yake. Zote mbili zilichapwa London na kampuni ya De La Rue, na zote mbili zinajitangaza kwa Kiingereza kuwa ni za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Hata hivyo, moja yaweza kuwa ya toleo la 1912 na nyingine ya toleo la 1921, na katikati ya matoleo hayo jambo kubwa lilitokea. Mwezi Julai 1920 Himaya ya Afrika Mashariki ilifanywa Koloni la Kenya, isipokuwa ule ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar uliobaki kuitwa himaya. Uganda yetu iliendelea kuwa himaya hadi uhuru wa 1962.

Usidhani hayo yalikuwa mabadiliko ya jina tu. Mkazi wa himaya, kisheria, alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa mfalme. Mkazi wa koloni alikuwa raia wa kutawaliwa, na ardhi aliyoilima ilihesabiwa kuwa ya Taji. Mwaka 1921 mahakama ya koloni iliamua kwamba Mwafrika wa Kenya ni mpangaji tu katika ardhi ya mababu zake, naye anakaa hapo kwa hiari ya Taji. Wakati hukumu hiyo inatolewa, barua zilikuwa bado zinabandikwa stempu zenye neno “himaya”. Stempu zilizoandikwa Kenya na Uganda zilikuja mwaka 1922.

Basi utaitambuaje stempu ya 1921, iliyokwisha kupitwa na wakati siku ilipotoka kiwandani? Alama ya posta ikisomeka, husaidia kidogo, kwa kuwa stempu ya 1912 iliweza kutumika miaka mingi baadaye. Shahidi wa kutegemewa zaidi ni alama ya maji, yaani ile chapa fifi iliyomo ndani ya karatasi, kama uionayo unapoinua noti ya benki kwenye mwanga. Karatasi ya stempu hizi ilinunuliwa na ofisi ya London iliyoitwa Mawakala wa Taji, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiyanunulia makoloni bidhaa za serikali. Herufi CA zilizomo ni za jina lake la Kiingereza. Stempu za 1903 zina taji moja juu ya herufi hizo. Kuanzia 1904 mataji yalisambazwa karatasi nzima, hata stempu moja ikapata vipande vya mataji kadhaa. Kuanzia 1921 herufi CA zikawa za mlazo, mfano wa mwandiko wa mkono. Hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Majirani zetu wa kusini wana kisa kama hicho. Baada ya Waingereza kuiteka Afrika Mashariki ya Wajerumani, stempu hizi hizi zilipigwa chapa ya herufi G.E.A. ili zitumike huko. Ukiikuta chapa hiyo juu ya karatasi yenye herufi za mlazo, ujue ilitoka wakati nchi ile ilikwisha kuitwa Tanganyika, kabla ya stempu zake za twiga za 1922.

Wakusanyaji wakwasi huiona alama hii kwa dawa maalumu ya chupa, ambayo ni ghali na kwetu huagizwa kutoka mbali. Yafaa ujue inavyofanya kazi, maana hapo ndipo ilipo njia ya kuikwepa. Karatasi huwa nyeupe kwa sababu ya hewa iliyomo kati ya nyuzi zake. Kimiminika kikijaza nafasi hizo, karatasi hupenyeza mwanga. Na kwa kuwa mahali penye alama ni pembamba zaidi, weusi wa kisahani kilicho chini huonekana hapo kwanza.

Anza na kisichogharimu kitu. Iinue stempu dirishani, kisha ilaze kifudifudi na uimulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukiambaa juu ya karatasi. Ipige picha mgongo, uondoe rangi na uongeze tofauti ya weusi na weupe. Mara nyingi hilo hutosha, hasa kwa stempu zisizo na giza kama ile ya senti 1.

Maji safi nayo huonyesha alama, lakini mimi siyapendekezi kwa stempu hizi. Nyingi zilichapwa kwa wino uliokusudiwa kuchuja ukiloweshwa, ili mtu asiweze kufuta mhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Zambarau na kijani ndizo huharibika upesi. Tena maji huyeyusha gundi ya stempu ambayo haijatumika. Spiriti ya duka la dawa ina maji ndani yake na huweza kuyeyusha wino. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na petroli ya gari ina rangi na viungo vingine.

Kinachokaribia dawa yenyewe ni mafuta ya kile kiberiti cha zamani chenye utambi na pamba ndani, siyo gesi. Hayagusi gundi, na hukauka bila kuacha alama. Matone mawili matatu kwenye kisahani cheusi yanatosha, stempu ikilazwa kifudifudi. Jaribu kwanza na stempu usiyoijali, maana baadhi ya zile za rangi nyororo za miaka ya karibuni huathirika. Mvuke wake hushika moto kwa kasi ya kutisha: fanya kazi hiyo nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, koroboi na sigara, na watoto wasiachiwe peke yao.

Stempu ikiwa bado imebandikwa juu ya bahasha yenye anwani na mhuri, usiibandue. Iache hapo ilipo, uipige picha tu.