Bourbon za bei nafuu: asilimia ya kilevi isomwe kabla ya bei

Mnunuzi wa jumla anayelinganisha katoni mbili za bourbon kwa bei peke yake anaweza kupunjika bila kujua. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 40 ina mililita 300 za kilevi halisi, na ya asilimia 50 ina mililita 375. Kwa nje chupa zinalingana.

Bourbon ni wiski ya Marekani. Sheria ya huko inataka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka yake, ikomazwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, na iingie chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Si lazima itoke Kentucky, ingawa nyingi hutoka huko. Neno "straight" kwenye lebo lina maana ya miaka miwili au zaidi pipani, na isipofikisha minne umri lazima uandikwe. "Bottled in bond", utaratibu wa tangu 1897, ni angalau miaka minne na asilimia 50 kamili. Jack Daniel's, ambayo madukani hupangwa pamoja nazo, huuzwa kama wiski ya Tennessee.

Kwa wanaoonja kabla ya kuagiza, mfano mzuri ni Jim Beam ya lebo nyeupe (asilimia 40), Evan Williams ya lebo nyeusi (43) na Wild Turkey 101 (50.5). Zikionjwa kama zilivyo, ya tatu huzifunika nyingine kwa nguvu tu. Dawa ni maji: mililita 13 katika mililita 50 za Wild Turkey huishusha hadi 40 hivi, na kwa Evan Williams zinatosha mililita 4. Barafu isitumike, maana baridi hufifisha harufu. Hapo Jim Beam huonekana nyepesi, yenye mahindi na karanga kwa mbali. Evan Williams ni tamu zaidi, kama sukari iliyoungua na vanila. Wild Turkey hubaki na pilipili manga na mbao. Ikichanganywa na soda tofauti hizo karibu zote hupotea, hivyo anayeuzia baa za namna hiyo hana sababu ya kulipia zaidi.

Asilimia hugusa kodi pia. Desemba 2024 Kenya ilihamisha ushuru wa bidhaa kwa pombe kali kutoka lita ya kinywaji hadi kiasi cha kilevi halisi. Aidha, ujazo uangaliwe: katoni ya chupa 12 za mililita 700, kipimo cha Ulaya, ni lita 8.4, wakati ya mililita 750 ni lita 9.