Kiungo cha Mmea Ndani ya Kidudu cha Homa

Habari za mbu na za homa aiambukizayo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na kwa wakaao ufuoni mwa Ziwa Nyasa, toka Mbamba Bay hata Lundo na Liuli, hazina ugeni. Makaburi yetu yazisimulia yenyewe. Padre Arthur Sim wa misheni ya UMCA alikufa kwa homa huko Kota Kota mwaka 1895, na jina lake limehifadhiwa. Watoto wa ufuo huu waliokufa kabla yake na baada yake hawakuandikwa katika kitabu cho chote. Lakini leo hatusemi juu ya mbu. Twataka kueleza habari za kitu kidogo mno kilichomo ndani ya kidudu chenyewe cha malaria, ambacho wataalamu walikitazama yapata miaka thelathini wasijue ni nini.

Kidudu hicho alikiona kwanza Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Wafaransa, katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Aljeria, mwaka 1880. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alikiona tumboni mwa mbu. Miaka miwili baadaye Daktari Robert Howard akafika Likoma, akaanza kuipeleleza homa iliyokuwa ikiwamaliza wamisionari. Hao wote walitumia hadubini za mwanga, na hadubini hizo zina mpaka wake. Gawanya milimita moja sehemu elfu: kiungo tunachokisimulia, kinapokuwa bado kichanga, hakijazi hata sehemu moja.

Kilionekana wazi katika miaka ya 1960, ilipotumika hadubini ya elektroni. Ndipo yakaanza majina. Waliopeleleza malaria walikiita mwili wa duara. Waliopeleleza vidudu vya kuku vilivyo jamaa yake walikiita silinda tupu. Wengine wakasema ni kiungo chenye ukuta mnene. Kila mmoja alieleza alichokiona, wala hakuna aliyesema kazi yake. Twaona kwamba wingi wa majina ulizuia elimu kuliko kuisaidia, kwa kuwa wenye majina mbalimbali hawakutambua upesi kuwa wanatazama kitu kimoja.

Fumbo halikufumbuliwa kwa macho; lilifumbuliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1975 Araxie Kilejian alipata katika kidudu cha malaria ya ndege uzi wa DNA uliofungwa kama pete. DNA ndiyo uzi wa urithi uchukuao tabia za kila kiumbe. Alidhani pete hiyo ni ya mitokondria, yaani kiungo kiipacho chembe nguvu, na dhana hiyo ilikuwa na maana, kwani mitokondria huwa na DNA yake. Walakini baadaye DNA ya mitokondria ya malaria ilipatikana yenyewe, fupi sana, yenye herufi 6,000 tu. Basi ile pete, yenye herufi 35,000, ikabaki bila mwenyewe. Iain Wilson na wenzake huko Mill Hill, London, waliisoma herufi kwa herufi, na mwaka 1996 wakaitangaza yote. Ilifanana na DNA ya plastidi, kiungo kilichomo katika majani mabichi ya mahindi na mihogo, ambacho kwa nguvu ya jua huufanyia mmea chakula! Mwaka huo na uliofuata, Geoffrey McFadden wa Melbourne na David Roos wa Pennsylvania, kila mmoja na wenzake, walionyesha kuwa pete hukaa ndani ya kile kiungo chenye majina mengi. Sasa kina jina moja, apikoplasti.

Msomaji atauliza, mmea umeingiaje katika kidudu cha damu? Jibu limo katika ngozi za kiungo hicho. Zimefunikana nne, kama maganda ya kitunguu. Zamani sana chembe moja ilimeza bakteria ajuaye kutumia nuru ya jua, isimyeyushe, ikawa mwani. Kisha chembe nyingine ikaumeza mwani huo nao ukabaki hai. Kila kumeza kuliongeza ngozi. Kundi la Roos lilidhani kwanza kuwa ni mwani wa kijani. Wengine walisema mwekundu. Mwaka 2008 kilitangazwa kiumbe kiitwacho Chromera velia, kilichopatikana katika matumbawe ya bandari ya Sydney. Ni jamaa wa malaria, naye bado hutumia nuru ya jua. Ulinganisho wa mwaka 2010 uliupa ushindi mwani mwekundu. Hivyo kidudu kiuacho watoto kina undugu wa mbali na viumbe vya majini vilavyo jua, ingawa rangi yenyewe imekwisha kupotea.

Kama hakili jua, chafanya kazi gani? Humo hutengenezwa mafuta, ambayo kidudu huyahitaji zaidi kinapokuwa katika ini, na vipande vya dutu ziitwazo isoprenoidi. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi wa California walivipa vidudu vya damuni kipande kimoja cha isoprenoidi, kiitwacho IPP, kisha wakakiharibu kiungo chote. Vidudu viliishi. Wasipovipa, vilikufa. Basi katika damu kazi yake isiyoweza kuachwa ni hiyo moja.

Na hapa ndipo matibabu yanapoingia. Kwa kuwa asili ya kiungo ni bakteria, dawa za bakteria kama doksisaikilini na klindamaisini hukidhuru. Lakini hukidhuru polepole: kidudu mama huendelea kuishi, huzaa, na wanawe waliorithi kiungo kibovu ndio wafao katika mzunguko wa pili, ambapo kila mzunguko ni saa 48. Mtoto mwenye degedege hawezi kungoja siku nne. Ndiyo sababu dawa hizo huandamana na dawa ya haraka kama kwinini. Tena doksisaikilini haipewi watoto wadogo, kwa kuwa huharibu meno yao.

Dawa nyingine, fosmidomaisini, huziba ile njia ya isoprenoidi yenyewe, kama alivyoonyesha Hassan Jomaa na wenzake mwaka 1999. Ikichanganywa na klindamaisini iliwaponya watoto wengi huko Gabon. Ilipojaribiwa Msumbiji kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, waliopona kabisa hawakufika nusu. Matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Kazi haijaachwa, nayo ina haraka yake. Dawa ya mseto, itumikayo Tanzania tangu mwaka 2006, hutegemea sehemu itokayo katika mmea wa artemisia, na vidudu vinavyoanza kuistahimili sehemu hiyo vilitangazwa Rwanda mwaka 2020, kisha vikapatikana kwetu Tanzania, wilayani Karagwe, katika upelelezi wa mwaka 2022.