Sikukuu za Pangani na Macho ya Mgeni

Wako watu wasemao kwamba msafiri mwenye siku chache hana sababu ya kuzipoteza katika ngoma na shamrashamra za mitaani. Atazame majumba ya kale, asome vitabu, azungumze na wazee. Kelele za njiani zamfaa nini? Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani ngoma nyingi siku hizi hupangwa kwa ajili ya macho ya wageni. Lakini yafaa tuipime kwa historia ya mji mmoja, nao ni Pangani, ambako mgeni aliyeipuuza sikukuu ya wenyeji alijuta.

Pangani ya karne ya 19 ilikuwa bandari penye mlango wa mto. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, na kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mjini walikutana majumbe wa Kishirazi, Waarabu wenye mashamba, Wahindi wenye mali, wapagazi wa Kinyamwezi, watumwa na wazalia. Daraja za watu hawa hazikuwa zimetulia; ziligombewa mwaka hata mwaka, na mahali pa kuzigombea palikuwa ni njiani na uwanjani, katika Maulidi, arusi, Idd na Siku ya Mwaka. Jumbe aliyechinja ng'ombe na kuwalisha watu wote alithibitisha ukubwa wake. Asiyeweza kulisha, heshima yake ilipungua. Na mtumwa au mtu wa bara aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wa mji alitafuta nafasi yake katika dhikri, katika chama cha ngoma, na penye sinia la wali. Jambo hili limeelezwa kwa urefu na Jonathon Glassman katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya karamu na fujo za mwambao huu.

Basi sikukuu haikuwa mchezo mtupu. Ilikuwa baraza ambayo hukumu zake zilitolewa kwa mavazi, kwa chakula, na kwa utaratibu wa nani atangulie na nani afuate. Burton na Speke walipofika Pangani mwezi wa Februari 1857, madiwani walicheza mbele yao, panga zi mikononi. Mgeni aliweza kuiona ngoma ile kuwa kichekesho. Lakini mwenye kuicheza alikuwa akisema: sisi ndio wenye mji, nawe umepokewa nasi.

Mwaka 1888 alikuja mgeni wa namna nyingine. Tarehe 28 Aprili Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikabidhi Kampuni ya Wadachi utawala wa pwani ya Mrima na ushuru wake. Wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, alishika kazi Pangani katikati ya Agosti, wakati wa Idd el Haj, na Siku ya Mwaka ikiwa karibu. Aligombana na Liwali juu ya bendera, akaita askari wa manowari. Wakashuka pwani, wakaipekua nyumba ya Liwali. Watu wakalalamika kwamba Wadachi wameingia msikitini na viatu vyao, pamoja na mbwa. Katika siku zilezile ambazo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alijipima mbele ya wenziwe kwa ibada na ukarimu wake, huyu alikuja asiyemlisha mtu wala kumwomba mtu ruhusa, akajiweka juu ya wote. Mwezi wa Septemba Zelewski alikuwa amefungiwa nyumbani mwake, hata akaokolewa na Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani. Vita vikaenea mwambaoni, na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani, akawa kiongozi wake mashuhuri. Alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sisemi kwamba sikukuu ndiyo iliyozua vita. Ushuru, ardhi na madaraka vilikuwa sababu nzito zaidi. Nisemalo ni kwamba sababu hizo zote zilikuwa zikisemwa waziwazi njiani, kwa lugha ambayo mgeni hakujali kujifunza. Hata baadaye, vyama vya beni vya Marini na Arinoti viliposhindana katika miji kama Tanga kwa mavazi na vyeo vya kijeshi, wako watawala waliosikia tarumbeta tu, wasione kwamba watu wasio na cheo serikalini wamejipa vyeo vyao wenyewe.

Je, mgeni wa leo apoteze siku yake katika sikukuu ya mtaani? Naona apaswa kwenda, lakini si kwa kusimama kando na kamera. Na aulize: nani amegharimia? Nani apika, nani ala kwanza, nani hakualikwa? Maswali hayo yafaa hata kwa tamasha iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwani huko atajua ni nani auzaye sura ya mji, na ni akina nani waliokatazwa kuonekana. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Zelewski alikuja, na wenyeji hawakupona. Tofauti ya mgeni mmoja na mwingine huanza kwa kujua kwamba nyumba aliyoikuta ina shughuli, na kwamba shughuli ile ina wenyewe.